Nyasi zitamea tena: Usihofu kuchimba mtaro wa stima kwa kina

Mpenzi msomaji, huenda nawe ni miongoni mwa wakazi wa mjini waliobahatika kuwa na kiwanja cha nyasi mbele ya nyumba. Ulizipanda mwenyewe, ukazing'olea magugu, ukazinyunyizia maji wakati wa kiangazi hata pale mfereji ulipokuwa ukitoa maji mara mbili tu kwa juma. Sasa zimeshikana kama zulia, na Jumapili kama hii watoto wanagaragara juu yake huku wageni wakizisifu.

Halafu siku moja haja inazuka. Wataka taa langoni kwa sababu mtaa umeanza kuwa na giza na wezi. Au umechimba kisima na pampu yahitaji stima. Au ile nyumba ndogo ya nyuma imepata mpangaji, naye hawezi kukaa na koroboi. Stima iko ndani ya nyumba kubwa, lango liko mita 20 mbele, na katikati zimelala nyasi zako.

Hapo ndipo wenye nyumba wengi huingiwa na baridi. Wanaziona nyasi zao zikipasuliwa katikati, na kovu la udongo mwekundu likibaki hapo mwaka mzima. Mazungumzo yanayofuata baina ya mwenye nyumba na fundi huwa hivi:

"Fundi, nyasi hizi zimenigharimu. Tafadhali usichimbe sana. Ziba tu waya usionekane."

"Usijali, mama. Nitapitisha juu juu. Hata hutajua kama tulichimba."

Mama anafurahi, na fundi pia anafurahi kwani kazi ya siku nzima imekuwa ya saa mbili. Lakini neno hilo "juu juu" ndilo linalonifanya nishike kalamu leo. Mtaro wa juu juu hauokoi nyasi, na siku moja waweza kumuua mtu. Mtaro wa kina kifaacho, ukichimbwa kwa utaratibu, haudhuru nyasi hata kidogo. Hebu tuyatazame mambo haya mawili moja baada ya jingine.

JEMBE HALINA MACHO

Stima inayotumika majumbani mwetu ina nguvu ya volti 240. Ikipita katika mwili wa binadamu aliyesimama kwenye udongo wenye maji, yaweza kuusimamisha moyo wake. Sasa fikiria ni nani atakayekuja kuchimba mahali pale baada ya miaka mitano. Wewe waweza kuwa umehama. Fundi amekwisha kwenda zake na hakumbuki hata jina la mtaa wenu. Kijana anayekuja kupanda mwembe, au kupalilia maua, au kuchimba shimo la kigingi cha kamba ya nguo, hana habari kwamba chini ya miguu yake kuna waya.

Jembe likitupwa kwa nguvu katika udongo uliolainishwa na mvua huzama sentimita 15 hadi 20 bila shida. Beleshi likikanyagwa kwa mguu huzama sentimita 25 au zaidi. Waya uliozikwa sentimita 10 umo njiani mwa vyombo hivi vyote. Na si majembe pekee. Mbwa hufukua. Watoto huchimba mashimo ya kuchezea gololi. Mvua kubwa nayo huchukua udongo wa juu kidogo kidogo, hata waya uliofukiwa Januari waweza kuchungulia nje ifikapo Juni.

Ndiyo maana mafundi waangalifu huwa hawazidishi uchache wa kina. Chini ya nyasi ambazo hazitalimwa, kebo hulazwa angalau sentimita 45 kwenda chini, yaani inchi 18. Mahali panapolimwa, au panapopitwa na gari, hulazwa sentimita 60, yaani futi mbili. Kwa kuwa huwezi kujua ni nani atakayelima wapi kesho, mimi nakushauri uzichukue zile futi mbili kwa njia yote. Tofauti ni jasho la nusu siku.

KINACHOUA NYASI SI MTARO

Sasa tugeukie nyasi zenyewe. Katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru, Eldoret na miji mingine ya nyanda za juu, nyasi zinazopandwa ni zile zinazojulikana kama nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesafiri mbali hadi Australia, Afrika Kusini na California, ambako pia zinaitwa kwa jina hilo hilo la Kikuyu. Wanafunzi wa sayansi watafurahi kujua kwa nini ni shupavu hivyo. Nyasi hizi hutambaa kwa mashina yapitayo juu ya ardhi, na pia kwa mashina mengine yapitayo chini ya ardhi. Katika kila kifundo cha mashina hayo mizizi yaweza kuota na jani jipya likatokeza. Ukikata kipande chake na kukipanda pengine, kitashika. Isitoshe, ndivyo wengi wetu tulivyozipanda tangu mwanzo: kwa kuchomeka vipande.

Kwa hivyo kukata nyasi kwa beleshi kali si kuziua. Mauaji hutokea baadaye, na wauaji ni wanne.

Wa kwanza ni jua. Kipande cha nyasi kilichong'olewa na kutupwa kando, mizizi ikitazama mbingu, hukauka kwa saa chache tu siku ya jua kali.

Wa pili ni rundo la udongo. Mtaro wa urefu wa mita 20, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60 hutoa mita za ujazo 3.6 za udongo. Huo una uzito wa zaidi ya tani 4. Ukirundikwa moja kwa moja juu ya nyasi kwa siku tatu, nyasi zilizo chini yake hukosa hewa na mwanga, nazo hugeuka manjano. Watu wengi wanaolalamika kwamba mtaro umewaharibia nyasi, ukitazama vizuri utakuta kwamba kovu kubwa si la mtaro, bali ni la mahali udongo ulipolazwa.

Wa tatu ni kuchanganya udongo. Udongo wa juu, ule mweusi mweusi wenye rutuba, ni wa sentimita 15 au 20 tu. Chini yake kuna udongo mgumu usio na chakula. Fundi akifukia ovyo, ule wa chini huishia juu, na nyasi hupandwa katika kitu kisicholisha.

Wa nne ni kufukia bila kushindilia. Udongo uliochimbwa huvimba kwa kuwa umejaa hewa. Ukirudishwa wote kwa mara moja na kukanyagwa juu tu, mvua ya kwanza itaudidimiza, na utabaki na mfereji mrefu katikati ya uwanja, ambamo maji yanatuama na watoto wanajikwaa.

Utaona kwamba hakuna hata mmoja kati ya wauaji hawa anayetokana na kina. Mtaro wa sentimita 10 waweza kuua nyasi kwa njia zote nne, na mtaro wa futi mbili waweza kuziacha nzima.

KABLA YA BELESHI LA KWANZA

Jambo la kwanza ni kuchagua njia. Njia fupi si lazima iwe njia bora. Kama unaweza kufuata ukingo wa kijia, au kando ya ukuta wa nyumba, utaongeza mita chache za kebo lakini utapunguza nyasi za kukatwa. Epuka kupita chini kabisa ya ua la kayaba au kando ya seng'enge, kwa sababu hapo mizizi ni mingi na nguzo mpya huchimbiwa kila mara. Na kama umetandaza kabro mbele ya nyumba, shukuru: kabro hung'olewa na kurudishwa moja moja, na hakuna atakayetambua.

Jambo la pili ni kujua kilichomo ardhini tayari. Angalia vifuniko vya mashimo ya maji taka. Bomba la maji taka kwa kawaida huenda moja kwa moja kutoka kifuniko kimoja hadi kingine, kwa hivyo waweza kuvuta kamba baina yao na kujua linakopita. Tazama mita ya maji ilipo na tangi lilipo, ukakisie njia ya bomba. Chunguza stima inakoingilia nyumbani. Ikiwa haining'inii kutoka kwenye mlingoti, basi imepita chini ya ardhi, nayo huwa na moto hata ukizima swichi zote za nyumbani. Waulize majirani na aliyekuuzia nyumba. Mahali penye shaka, weka sururu na mtaimbo kando, uchimbe polepole kwa beleshi.

Jambo la tatu ni miti. Kaa mbali na shina kadiri uwezavyo. Mzizi ulio mnene kuliko kidole gumba usiukate; chimba chini yake kwa mkono na kupitisha kebo hapo. Mjakaranda uliokatwa mizizi upande mmoja waweza kuanguka upande wa pili siku ya upepo, na labda upande huo ndiko uliko mlango wako.

Jambo la nne ni majira. Katikati ya masika, mwezi wa Aprili, mtaro hugeuka kuwa mto wa matope. Mwezi wa Februari kwenye jua kali, vipande vya nyasi hukauka haraka. Wakati mzuri ni pale mvua inapokaribia kuanza au inapoelekea kwisha, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati kwenye beleshi. Wanaoishi sehemu zenye udongo mweusi wa kunata, kama vile South C, Embakasi na Athi River, wana sababu zaidi ya kungoja. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hivyo kebo isivutwe ikakaza kama uzi wa gitaa. Ilazwe ikiwa na mapindapinda kidogo ili udongo ukisogea isikatike. Nao wasomaji wetu wa Pwani wajue kwamba kuta za mtaro katika mchanga huporomoka, kwa hivyo watahitaji kukata nyasi kwa upana zaidi.

JINSI YA KUUNUA NYASI

Siku mbili kabla ya kazi, kata nyasi zako ziwe fupi. Jioni ya kuamkia kazi, zinyunyizie maji ya kutosha hadi udongo ulowe kwa inchi tatu au nne. Udongo wenye unyevu hushikana na mizizi, na kipande hutoka kizima kama mkate. Ukiwa mkavu utamomonyoka mikononi mwako.

Asubuhi, pigilia vigingi viwili na uvute kamba. Vuta kamba ya pili sambamba nayo, sentimita 40 kando. Upana huu umezidi ule wa mtaro kwa sentimita 5 kila upande, ili kingo za nyasi zisipondwe na miguu ya mchimbaji. Weka ubao kando ya kamba na ukate kwa beleshi lililonolewa, ukilisimamisha wima. Usitumie jembe, kwa kuwa jembe hurarua. Kisha kata kwa upana kila baada ya sentimita 40. Kwa mtaro wa mita 20 utapata vipande 50.

Sasa laza beleshi karibu sambamba na ardhi, ulisukume chini ya kipande, sentimita 5 kwenda chini, na ukiinue polepole. Kitakuwa na uzito wa kilo 10 hivi, kwa hivyo watu wawili ni bora kuliko mmoja. Kilaze juu ya magunia yaliyoloweshwa, kivulini, nyasi zikitazama juu. Vipange kwa mfuatano ule ule vilivyotoka, wala usivibebanishe. Vikikaa vimebebana, hupata joto na kuanza kuoza. Vifunike kwa gunia jingine bichi na kuvirushia maji kila baada ya saa moja au mbili jua likiwa kali.

Upande wa pili wa mtaro, tandaza karatasi ya nailoni au magunia yaliyofumuliwa, uyagawe mahali pawili. Hapa pa kwanza ni pa udongo wa juu. Pale pa pili ni pa udongo wa chini. Waambie vijana wako mapema, na uwaeleze sababu, maana mtu asiyejua sababu atachanganya mara tu ukigeuza kisogo. Kama kutakuwa na wilbaro, itembee juu ya mbao.

Chimba kwa upana wa sentimita 30. Chukua fimbo, uitie alama kwa msumari kwenye sentimita 60, na uipitishe mtaroni kila hatua mbili. Hapa ndipo mwenye nyumba anapohitajika. Kwa kawaida mchimbaji hulipwa kwa urefu, na mita moja ya juu juu hulipwa sawa na mita moja ya kina. Baada ya kufukia hakuna awezaye kujua. Patana basi kwa urefu na kina pamoja, na pima kabla ya kufukia, si baada yake. Huko si kumdharau fundi. Fundi mwenye kazi safi hupenda kazi yake itazamwe.

KEBO NA MWENYE KUIUNGA

Kuchimba waweza kujichimbia mwenyewe na wanao. Kuunga stima ni kazi ya fundi mwenye leseni. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, mafundi na wanakandarasi wa stima hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwombe akuonyeshe yake bila haya. Mwenye leseni haoni aibu kuitoa mfukoni.

Waya wa kawaida wa ndani ya nyumba, ule wa ganda jeupe au la kijivu, haufai kuzikwa hivi hivi ardhini. Kinachotakiwa ni kebo iliyozungushiwa nyuzi za chuma chini ya ganda lake la nje. Nyuzi hizo huizuia isikatwe kwa urahisi, na zikiunganishwa na waya wa ardhi kama ipasavyo, husaidia stima ikatike mara beleshi linapoipasua kebo. Mwambie fundi pia aweke katika boksi la swichi kifaa kinachokata stima mara inapovuja. Kile kinachokusudiwa kulinda uhai wa watu hukata panapovuja milliampia 30 tu. Bei yake si kitu ukilinganisha na unachokilinda.

Chini kabisa ya mtaro, ondoa mawe na vipande vya chupa, umwage mchanga wa inchi mbili au tatu. Laza kebo. Isiwe na kiungo chochote katikati ya mtaro. Nunua kipande kimoja kinachotosha na kusalia kidogo pande zote mbili. Fundi aipime kabla ya kufukiwa, na stima isiwashwe hadi kazi yote imalizike. Ifunike kwa mchanga mwingine wa inchi tatu.

Kabla ya kuendelea, fanya mambo mawili ambayo ni bure. Toa simu yako upige picha za mtaro ukiwa wazi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, fimbo ya kupimia ikiwa ndani. Kisha chora ramani kwenye karatasi: kutoka pembe ya nyumba hadi kebo ni mita ngapi, kutoka lango hadi kebo ni mita ngapi. Nakala moja ibandike ndani ya mlango wa boksi la swichi, na nyingine uihifadhi pamoja na hati ya ploti. Simu hupotea, watu huhama, lakini atakayefungua boksi lile baada ya miaka 20 ataiona.

KUFUKIA NA KUREJESHA

Rudisha udongo wa chini kwanza, kwa tabaka la inchi sita. Lishindilie kwa mguu au kwa gogo zito. Rudia tabaka jingine. Ukibakiwa na sentimita 25 hivi kufika juu, tandaza ule utepe wa plastiki wa rangi kali, mara nyingi manjano, wenye maandishi ya onyo. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya stima. Utepe huo hauzuii jembe, lakini humwambia mwenye jembe asimame. Yule kijana wa baada ya miaka mitano, asiyekujua wala humjui, utakuwa umemwachia barua.

Malizia kwa udongo wa juu, ukishindilia polepole bila kuufanya kuwa saruji. Legeza uso wake kwa reki, na kama una samadi iliyooza vizuri, ichanganye hapo. Kisha rejesha vipande vyako kwa mfuatano wao, vikibanana ubavu kwa ubavu. Vitakuwa vimeinuka kuliko nyasi za pembeni kwa sentimita mbili au tatu hivi. Usiogope, maana vitashuka kadiri udongo unavyojikaza. Vikiwa sawa kabisa leo, mwezi ujao vitakuwa bondeni. Weka ubao juu yake na uukanyage ili mizizi igusane na udongo. Jaza nyufa kwa udongo uliochungwa, kisha mwagilia maji mengi kwa taratibu.

Kazi yote hii ya mita 20, vijana watatu wakiianza alfajiri, yaweza kumalizika magharibi. Jitahidi iwe hivyo. Ikilazimu mtaro kulala wazi, uzungushie kamba na mbao ili mtoto au mlinzi wa usiku asitumbukie, na nyasi zako uzinyunyizie maji kabla ya kulala.

Kwa wiki mbili za kwanza, mwagilia kila siku isiponyesha. Watoto wahamishie mpira wao pengine kwa majuma matatu. Ukitaka kujua kama zimeshika, shika majani ya kipande kimoja na uyavute taratibu. Kama kipande kinainuka, bado. Kama kinakataa, mizizi imeshuka. Usizikate hadi hapo. Rangi ya manjano kidogo katika juma la kwanza isikutie hofu. Ni homa ya kuhama tu.

PALE AMBAPO JUU JUU INARUHUSIWA

Ili nisiwakoseshe haki, niseme kwamba si kila waya unahitaji futi mbili. Waya wa taa ndogo za bustani zinazotumia volti 12, au wa kengele ya langoni, au wa intaneti, hauwezi kumuua mtu. Kwa waya wa namna hiyo hata mtaro hauhitajiki. Chomeka beleshi wima, lisukume mbele na nyuma hadi ufa ufunguke, tumbukiza waya kwa kijiti hadi inchi sita chini, kisha kanyaga ufa ufunge. Juma moja tu na hakuna alama. Lakini waya wa volti 12 uwe wa volti 12 kweli: kile kifaa kinachopunguza nguvu ya stima kikae nyumbani, si huko bustanini. Na waya wa intaneti usilazwe pamoja na kebo ya stima katika bomba moja.

Tatizo ni kwamba wengi wameona jinsi ufa huo ulivyo rahisi, wakautumia kwa stima ya volti 240. Ndugu msomaji, kama unajua au unashuku kwamba kwako pamepita waya wa namna hiyo, usingoje kumaliza kusoma gazeti. Zima swichi yake leo, uwakataze watu kuchimba karibu na hapo, na kesho umwite fundi mwenye leseni. Mpangaji wa nyumba ya nyuma atakuwa na haki ya kununa kwa siku mbili bila taa. Mwombe radhi na umweleze sababu, naye ataelewa.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nyasi za nyanda zetu zimekanyagwa na ng'ombe, zikachomwa na jua na kufyekwa kwa panga tangu enzi na enzi, na kila mvua inyeshapo huchipuka upya. Zipe kivuli kwa siku moja na maji kwa wiki mbili, nazo zitalifunika kovu lao lenyewe. Yule atakayekuja na jembe lake hana mizizi ya kuchipukia.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia mapumziko mema juu ya nyasi zako.